Ukumbusho na Mkasi: Uhakiki wa Picha za Sammy Baloji

Sanaa ya kukata picha za watu wa kale na kuzibandika mahali papya si ngeni. Baada ya Disdéri kusajili mjini Paris, mwaka 1854, njia yake ya kupiga picha ndogo za kadi, mabibi wa tabaka la juu nchini Uingereza walizikata sura za jamaa na marafiki zao na kuzibandika juu ya michoro ya rangi. Katika albamu ya Kate Edith Gough, ya miaka ya 1870, vichwa vya watu vimepachikwa kwenye miili ya bata. Utani huo haukumdhuru mtu, kwa kuwa wenye kukata na wenye kukatwa walikuwa watu wa baraza moja. Lakini je, mkasi una haki gani kwa mtu asiyejulikana jina, ambaye aghalabu hakuombwa ridhaa alipopigwa picha?

Swali hili ndilo linalotukabili katika Mémoire (2006), mfululizo wa picha za Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Msanii huyu amezitwaa picha za enzi ya ukoloni za wafanyakazi na maofisa, akawatoa watu hao katika mandhari yao kwa kompyuta, kisha akawasimamisha mbele ya viwanda vilivyochakaa vya Gécamines, mrithi wa Union Minière du Haut-Katanga iliyoasisiwa mwaka 1906.

Kifani, uamuzi wake mkuu ni kutoificha mishono. Watu wamebaki na weusi na weupe wa picha zao za awali, ilhali magofu yana rangi za leo. Hakuwapachika vichwa vya wengine wala hakuwapamba. Alichokiondoa ni yale mazingira ambamo mpiga picha wa kikoloni aliwaweka. Mkao wao na macho yao yamesalia. Matokeo yake ni kwamba jasho na matunda yake vinaonekana kwa mara moja, na mtazamaji hana budi kujiuliza matunda hayo yalikwenda wapi.

Kichwa cha Kifaransa huweza kufasiriwa kuwa "kumbukumbu". Hata hivyo, Kiswahili cha Lubumbashi kina neno linalofaa zaidi. Wachoraji wa mji huo wa miaka ya 1970, kama alivyoeleza Johannes Fabian, walitumia neno "ukumbusho" kwa picha zinazomrejesha mtazamaji katika yaliyopita. Kumbukumbu yatokana na kukumbuka, tendo la mtu na jambo lake. Ukumbusho watokana na kukumbusha, na kauli hii ya kusababisha yadai watatu: mwenye kukumbusha, mwenye kukumbushwa, na kinachokumbushwa.

Hapo ndipo penye upungufu wa kazi hii. Wa kwanza yupo, naye ni msanii. Wa pili ni sisi tutazamao. Wa tatu ana sura tu. Picha zenyewe zimepewa namba bila anwani, na hivyo kimya cha nyaraka za kikoloni kimeingia katika sanaa inayokusudia kukivunja. Yamkini majina hayapatikani tena. Lakini hata ukosefu huo ulistahili kutamkwa karibu na picha, ili mtazamaji asidhani kwamba watu hawa hawakuwa na majina. Baloji amewarudishia mahali pao. Jina bado wanadaiwa.