Kiunganishi "na" katika Maabara: Lugha ya Tahadhari kwa Mwanafunzi wa Mbali

Wahakiki wa lugha ya sayansi wamezoea kuuliza iwapo neno fulani ni sanifu. Swali hilo ni halali, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ililishughulikia kwa bidii. Hata hivyo, mwongozo wa maabara hauundwi na istilahi peke yake. Huundwa na sentensi, na humo ndimo hatari inamojificha.

Tuchukue sentensi ambayo mfasiri yeyote wa miongozo ya kemia angeiandika bila kusita: "Changanya asidi ya salfa na maji." Kisarufi haina dosari, kikemia ni balaa. Maji yakimiminwa juu ya asidi kali, ambayo uzito wake ni karibu gramu 1.84 kwa kila sentimita ya ujazo, hubaki juu, huchemka papo hapo na kurusha matone usoni. Asidi ndiyo itiwayo katika maji. Kiunganishi "na" huziweka sawa dutu hizo mbili, kikaficha ipi itangulie. Ndani ya maabara, mkono wa mwalimu huiziba kasoro hiyo. Vyuo vikuu vya Kongo vilipofungwa Machi 2020, mkono huo haukuwapo, yalibaki maandishi.

Ajabu ni kwamba wakazi wa Mugunga, magharibi mwa Goma, hawahitaji kufundishwa lugha ya tahadhari. Neno lao "mazuku" limeingia katika maandishi ya wataalamu wa volkano duniani. Ni kabonidayoksaidi itokayo ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu, hutuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia, ikaua mbuzi na watu. Mzazi hamwambii mwanawe awe mwangalifu. Humkataza kushuka shimoni kabla jua halijapanda. Mahali, mwelekeo na wakati vyote vimo katika katazo moja, ilhali miongozo yetu hutosheka na "tumia kwa uangalifu", maneno yasiyomwambia msomaji aondoe mkono wapi.

Kwa maoni yangu, asidi kali isifike nyumbani kwa mwanafunzi kabisa. Siki na magadi katika chupa vyatosha: gesi inayotoka ikimiminwa taratibu juu ya mshumaa huuzima, na mazuku yataeleweka mezani, dirisha likiwa wazi. Asidi kali na ingoje siku za maabara. Hata huko, sentensi ile ingesomeka hivi: "Tia maji kwanza katika chombo. Vaa miwani. Mimina asidi ndani ya maji, kidogo kidogo, ukikoroga. Chombo kikipata moto, acha, ngoja kipoe." Ni ndefu mara kadhaa kuliko ile ya awali, na najua wahariri ambao wangeikata ili kuokoa mistari miwili.