Ekra ya stabi haikutengenezwa kwa mtu anayetembea juani

Leo sileti siasa, wala habari za nani ameajiriwa kwenye mine. Naleta uhakiki wa kitu kidogo cha inchi 5 hivi: ekra tunayoifunga kwenye stabilizateri, ile tunayoita stabi, wakati wa kupiga video. Wengi wetu hapa Kolwezi diploma iko kwenye bahasha, mkate unatoka kwenye kamera. Kwa hiyo tusome pamoja. Ninyi wa politekniki someni mara mbili, maana mwishoni kuna kazi yenu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kiangazi kilichopita nilipiga video ya arusi katika parsele moja ya Musonoi. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, vumbi jekundu. Nkambo wa bibi arusi alitoka mlangoni, akamshika mjukuu wake mkono, wakatembea pamoja chini ya mwembe mpaka barabarani, na wamama wanapiga vigelegele. Hatua kama 20 tu. Mimi niko mbele yao, natembea kinyumenyume, magoti nimeyakunja, stabi mikononi. Mwendo ulikuwa laini kabisa. Lakini kwenye ekra sikumwona Nkambo. Niliona kofia yangu, uso wangu na kipande cha mbingu. Basi, nikakisia.

Jioni nilifungua video kwenye kompyuta. Ukuta wa nyumba umelala upande. Kichwa cha Nkambo kimekatwa kwenye nyuso za macho. Ukuta mweupe ulioko nyuma yake unaonekana safi, hata ufa wake, ila uso wake ni giza tupu. Nilipompelekea, aliangalia mpaka mwisho, akaniuliza:

— Mwanangu, na kichwa yangu iko wapi?

Nilicheka kwa haya. Yeye hakucheka. Miezi michache baadaye familia ilihamishwa, nyumba ikabomolewa. Mlango ule, mwembe ule na Nkambo pamoja, viko katika zile hatua 20 peke yake. Hakuna kurudia.

Msiniambie ni video ya arusi tu. Mnajua sinema iliyoutangaza mji wetu duniani ni La Légion saute sur Kolwezi ya Raoul Coutard, ya mwaka 1980, juu ya vita ya 1978. Ilipigwa Guyane, ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo Kolwezi yenyewe, kuta zake na watu wake, sehemu kubwa imehifadhiwa na sisi, wapiga video za arusi, matanga na kolasio. Na mji wenyewe unahama. Mwaka 2023 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya watu wanaoondolewa makwao hapa Kolwezi kwa ajili ya migodi. Video mbaya hapa si aibu ya fundi tu. Ni nyumba inayopotea mara ya pili.

Sijitetei. Nilipaswa kujaribu kivuli na jua kabla ya watu kutoka. Lakini kosa langu lilikuwa na msaidizi, na huyo ndiye ninayemhakiki.

Turudi nyuma kidogo. Mmarekani Garrett Brown alipobuni Steadicam miaka ya 1970, alielewa jambo moja la msingi: kameramani anayetembea hawezi kuweka jicho kwenye kamera, kwa sababu kichwa chake kitaitikisa. Kwa hiyo picha ilipelekwa kwenye ekra ndogo, chini kwenye nguzo, pamoja na batri. Uzito wa vile viwili vya chini ulisawazisha uzito wa kamera iliyoko juu. Ekra ilikuwa sehemu ya mizani, si pambo. Dunia iliona matokeo mwaka 1976 katika Bound for Glory na Rocky. Na kwa miaka mingi waendeshaji wa Steadicam walipendelea ekra ya rangi moja, kijani, inayowaka sana. Hawakuona rangi ya gauni wala ya maua, lakini waliona mchana kweupe. Jicho la mtu linaukamata mwanga wa kijani kuliko rangi nyingine. Walitupa uzuri, wakabaki na kinachohitajika.

Sasa tazama ekra za bei yetu. Rangi nzuri sana! Ukiwa dukani, chini ya kivuli, moyo unapenda. Kosa la kwanza liko hapo hapo. Mwanga wa ekra hupimwa kwa niti. Nyingi za bei rahisi zinatoa niti 400 au 500. Za kuonekana juani zinaanzia 1000, na nzuri zinapita 2000. Tena kioo chake kinang'aa kama kioo cha kunyolea. Wanakuuzia kofia ya plastiki ya kufunika pembeni. Kofia hiyo inamsaidia mtu aliyesimama na kuinamisha uso karibu. Mimi ekra yangu iko usawa wa tumbo, naiangalia kutoka juu, kwa pembe, na jicho moja liko kwenye mawe ya njia. Kofia inanizibia picha, mbingu bado inaingia.

Kosa la pili ni kuchelewa. Wengi tunatumia simu mahali pa ekra, na kamera inaitumia picha kwa Wi-Fi. Tuseme inachelewa sehemu mbili za kumi za sekunde. Mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde ameshasogea sentimita 24 kabla hujamwona. Hicho ni kama kichwa kizima cha mtu! Kebo ya HDMI inaondoa karibu kuchelewa kote, lakini kebo nene inavuta kamera, na mota za stabi zinapigana nayo mpaka zinatetemeka. Ukiiweka ekra juu ya kamera, umeharibu mizani. Mahali pake ni kwenye mshiko, na kebo iwe nyembamba na laini.

Kosa la tatu linaniuma zaidi. Ekra nyingi zina zebra, ile mistari inayotokea pale mwanga unapofika kiwango ulichochagua. Kanuni ya zamani ya uso ni asilimia 70. Uso wa nani? Wa mzungu. Ngozi ya Nkambo iko chini ya hapo. Ukilazimisha ifike 70, ukuta na gauni vimeungua. Ukiiachia kamera iamue yenyewe, inautii ukuta mweupe na kumzamisha mtu. Kifaa hakina chuki, lakini kimezaliwa na mfano wa mtu mmoja kichwani.

Kuko mtu atasema: yaya, nunua tu ekra ya bei kubwa. Ni kweli ziko, na kwa mwanga zinashinda. Lakini mwanga mwingi unakula batri, na sisi tunaishi karibu na mabwawa ya Nzilo na Nseke huku umeme unakatika tukichaji. Tena hata zile za bei zinajaza uso kwa grafu, namba na vialama vidogo. Ziliundwa kwa mtu anayesoma picha. Anayetembea hasomi, anatupia jicho nusu sekunde tu, halafu anarudi kwenye njia. Ekra yake inapaswa kujibu maswali manne kwa jicho hilo moja: mpaka wa picha uko wapi, ardhi imenyooka, uso unaonekana, kamera inarekodi?

Kwa hiyo ningependa kuona hii:

Kwanza, kitufe kimoja cha kuua rangi zote, ibaki picha ya kijani au nyeusi na nyeupe yenye kontrasti kali. Kioo kisiwe cha kung'aa.

Pili, mistari ya fremu iwe minene, na nje yake kubaki ukingo wa picha isiyorekodiwa, pale kamera inapoweza kuutoa. Hivyo naona mtoto anayekuja kukatiza kabla hajaingia.

Tatu, mstari wa usawa uwe chini ya ekra, mpana toka upande mpaka upande. Ukilala, unene na kuwaka, ili niuone kwa pembe ya jicho.

Nne, zebra ya kufundishwa: nampima Nkambo kivulini na juani kabla ya kazi, nabonyeza, na kuanzia hapo kifaa kinanilindia uso wake yeye.

Tano, fremu nzima iwe nyekundu wakati wa kurekodi. Nimeshaona kameramani wanatembea dakika tano na hakuna kitu kimerekodiwa. Na vitufe viwe vya kweli, vya kubonyeza, maana kidole chenye jasho na vumbi hakielewani na ekra ya kugusa.

Hayo mengi ni programu, si kiwanda. Kompyuta ndogo ya ubao, paneli yenye mwanga wa kutosha, kisanduku cha aluminiamu, na batri za kawaida zinazopatikana sokoni. Mimi kuandika kodi sijui. Ninyi mnajua. Batri nyingi za stabi zina kobalti na mota zake zina nyaya za shaba, vitu ambavyo sisi hapa tunavijua vikiwa bado mawe. Sioni sababu tushindwe na mistari ya zebra.

Pendekezo langu ni dogo. Mwenye ekra ya aina yoyote aje nayo Jumamosi, saa sita mchana, si jioni, kwenye uwanja wa mpira. Tutatembea kinyumenyume hatua 20 kila mmoja, tukimpiga mtu aliyesimama mbele ya ukuta mweupe. Tuandike kila moja ilishindwa wapi. Kutoka hapo wa politekniki watakuwa na orodha ya kweli, si ya dukani.

Nkambo nimemwomba aje akae kitini kama mwamuzi. Alikubali, akasema safari hii ataleta na kichwa.