Damu ya Akiba

Ngamia hatolewi damu kwa haraka. Hupigishwa magoti kwanza, akafungwa miguu ya mbele, mchungaji akamshika kichwa huku akimsemesha kwa Kisomali, ndipo daktari wa mifugo apapase shingo kuutafuta mshipa. Kichupa kikijaa huwekwa kivulini damu igande, na katika jua la Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, kivuli chenyewe huenda kikawa cha gari tu. Donge hutuama chini, na juu yake hubaki maji ya manjano hafifu. Hiyo ndiyo seramu. Maji hayo machache ndiyo yaliyonifanya niipende kazi ya watafiti wa kinga ya mifugo.

Ndani yake mna kingamwili, protini ambazo mwili huziunda ili kumkamata adui aliyeingia. Adui akishatoweka, baadhi hubaki kwa miaka. Kwa hiyo mbuzi asiyejua kusema anaweza kutoa ushahidi wa homa iliyompata misimu mingi nyuma, mradi yupo anayejua kumuuliza.

Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño ziliifunika Kaskazini Mashariki kwa maji. Mayai ya mbu yaliyokuwa yamelala udongoni yakaanguliwa, kondoo na mbuzi wakaharibu mimba, kisha watu wakaanza kuugua, wengine wakitokwa damu. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, ambayo wafugaji wa Kisomali huiita sandik, kwa damu itokayo puani. Watafiti walipima damu za watu wakitafuta kingamwili za IgM, zile zinazotangulia na kuonyesha maambukizi mapya, wakakadiria kwamba watu wapatao 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa. Hakuna hospitali iliyoona foleni ya watu hao wote. Wengi walishikwa na homa, wakapona, wakarudi kuchunga. Seramu ndiyo iliyowahesabu. Desemba 2006 ugonjwa ulirejea, na Garissa ikawa tena miongoni mwa maeneo yaliyoumia mwanzo.

Virusi vya homa hiyo hutoka zizini vikaingia nyumbani, na Profesa George Warimwe amevifuata njia hiyohiyo. Alisomea udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi, akachunguza kinga ya malaria kwa binadamu huko Kilifi, kisha akairudia mifugo akiwa Oxford. Chanjo ya homa hiyo aliyoishughulikia hubebwa na kirusi cha sokwe kilichozuiwa kuzaliana, teknolojia ileile ya chanjo ya Oxford ya Uviko-19. Mwaka 2016 matokeo yalionyesha kwamba inawakinga kondoo, mbuzi na ng'ombe. Mwaka 2021 ikaanza kujaribiwa kwa watu Uingereza. Chanjo moja kwa mchungaji na kundi lake! Anayejua jinsi familia na mifugo wanavyoishi Garissa hahitaji kuelezwa uzuri wa wazo hilo.

Lakini ngamia mwenyewe alikuwa na jambo la kuwafundisha mafundi wa maabara. Kingamwili ya kawaida ina minyororo minne, miwili mizito na miwili myepesi. Mwaka 1989, katika Chuo Kikuu cha Vrije mjini Brussels, wanafunzi wa Raymond Hamers walihitaji damu kwa ajili ya zoezi la maabara. Kwenye friza palikuwa na damu ya ngamia iliyosalia katika utafiti wa vimelea vya trypanosoma, kundi lenye vile vinavyowaletea ngamia wetu ugonjwa wa surra. Wakakuta kingamwili zisizo na minyororo myepesi kabisa. Habari zikachapishwa mwaka 1993.

Ncha ya kingamwili hiyo ina uzito wa takriban sehemu moja ya kumi ya kingamwili ya kawaida, hivyo hupenya kwenye mianya ambamo kubwa hukwama. Fundi huchukua jeni zake kwenye seli nyeupe za damu, akazipandikiza ndani ya virusi vya bakteria, kila kimoja kikavaa ncha yake kwa nje. Kisha huvimwaga juu ya shabaha iliyonatishwa kwenye sahani na kuosha. Visivyoshika huenda na maji. Vilivyoshika huzalishwa, vikamwagwa tena, vikaoshwa tena. Ni kupepeta kwa ungo, ila chenga zake hazionekani kwa macho. Kwa njia za namna hii, kutokana na llama, binamu wa ngamia, ikapatikana caplacizumab, dawa ya ugonjwa adimu wa damu, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2018.

Naistaajabia friza ile kuliko hata ugunduzi wenyewe. Akiba ya namna hiyo imejibu swali jingine pia. Virusi vya MERS, ambavyo ngamia huweza kuwaambukiza watu, vilitambuliwa mwaka 2012. Wanasayansi wakataka kujua vimekuwako kwetu tangu lini, wakaenda kupima seramu za ngamia wa Kenya zilizokusanywa tangu 1992 hadi 2013. Kingamwili zilikuwamo. Aliyejaza vichupa vya kwanza alikuwa akitafuta jambo jingine kabisa, lakini aliandika tarehe na mahali, akavifunga vizuri.

Ngamia hufunguliwa kamba, akanyanyuka kwa nyuma kwanza, akakung'uta vumbi. Mchungaji huuliza majibu yatarudi lini. Daktari humjibu, kisha huinama tena juu ya kichupa na wino usiofutika: jike, miaka sita, Garissa, tarehe ya leo.