Usibane Pumzi

Mtoto wa pwani, wa Nungwi au Wasini, hujifunza kuzamia mapema, na somo lake ni fupi: vuta pumzi, ibane, zama, rudi juu kabla kifua hakijawaka. Kwa pumzi hiyo moja wazee wake wametoa pweza mapangoni na kunasua nanga zilizokwama mwambani. Ndiyo maana napenda kumtazama kijana wa aina hiyo siku ya kwanza anapofungwa mtungi mgongoni. Amri ya kwanza ya mwalimu inampindua kabisa: usibane pumzi. Hata ukiogopa, hata ukishangaa, endelea kupumua.

Sababu yake ni hesabu isiyo na huruma. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Mzamiaji wa pumzi moja hushuka na hewa aliyoivuta juu. Mapafu husinyaa kule chini, na akirudi hujaa kama mwanzo, basi. Mwenye mtungi huivuta hewa kule kule kwenye kina, ikiwa na mgandamizo wa maji yaliyomzunguka. Akiyajaza mapafu kwenye mita 10 kisha akapanda huku amefunga koo, hewa ile hutaka nafasi mara mbili, na nafasi hiyo haipo. Pafu huchanika. Robert Boyle aliieleza kanuni hii mwaka 1662 kwa mrija wa kioo na zebaki, na mpaka leo hakuna darasa la uzamiaji linaloanza pasipo yeye.

Basi ufundi huu huanza na kitu ambacho kila mtu anadhani anakijua. Mwanafunzi wa cheti cha kwanza huogelea mita 200, huelea dakika 10, kisha hupiga magoti kwenye maji mafupi na kufundishwa kupumua upya. Jaribio linaloshinda wengi ni la miwani. Unaijaza maji kwa hiari yako, unavuta hewa kwa mdomo huku pua imelowa, halafu unapuliza kwa pua mpaka maji yatoke. Mwili mzima unakataa. Nimeona watu wazima wenye vifua vipana wakichomoka juu kama kizibo, na binti mwembamba kando yao akimaliza zoezi kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele. Ubavu hausaidii kitu hapa. Pengine hata unadhuru, maana mwenye nguvu huzitumia, na kila nguvu inayotumika hulipiwa kwa hewa.

Baada ya miwani huja kuelea katikati: usizame, usipande. Risasi kiunoni zinakuvuta chini, jaketi lenye hewa linakuinua, na kati ya hizo mbili yako mapafu. Ukivuta pumzi unapanda kidogo, ukiitoa unashuka, lakini si papo hapo. Matokeo huchelewa. Mgeni huongeza hewa kwenye jaketi, anaona hajapanda, anaongeza tena, na ghafla anajikuta anakwenda juu bila breki. Aliyekomaa hutia kidogo, hungoja, huonja. Yeye hupita shubiri chache juu ya matumbawe bila kuyagusa, na matumbawe hayo huenda yameota tangu kabla babu yake hajazaliwa. Ukitaka kujua mzamiaji ni wa namna gani, usimuulize cheti chake. Tazama mchanga nyuma ya mapezi yake kama umetimka.

Chombo chenyewe cha kupumulia kina historia ya kuchekesha. Mwaka 1943, katikati ya vita, Mfaransa Jacques-Yves Cousteau alishirikiana na mhandisi Émile Gagnan, aliyekuwa ametengeneza vali ya kuendeshea magari kwa gesi kwa kuwa petroli ilikuwa adimu. Vali ya aina hiyo ikageuzwa kumpa mzamiaji hewa pale tu anapoivuta. Nayo adabu ya kupanda polepole tuna deni lake kwa mbuzi. Mwanasayansi John Scott Haldane aliwafungia mbuzi kwenye chemba ya mgandamizo, akaangalia ni wepi wanainua mguu kwa maumivu wakitolewa upesi, na mwaka 1908 akachapisha majedwali ya kuwapandisha wazamiaji kwa vituo. Kisa ni naitrojeni: huyeyuka mwilini kwenye kina, na ukiikurupusha hutoka kama mapovu kwenye damu na viungo. Leo tunafundishwa kupanda si zaidi ya mita 9 kwa dakika na kusimama dakika 3 kwenye mita 5. Mtalii aliyezamia kisiwani Mnemba mara kadhaa asipande ndege kabla ya saa 18 kupita. Wengi hunung'unika, lakini mbuzi wa Haldane wangemwelewa mwalimu.

Cheti cha kwanza kinakufikisha mita 18, cha pili mita 30, na huko katikati kuna dira, usiku na mikondo. Ngazi ninayoiheshimu kuliko zote ni ya uokoaji. Hadi hapo mwanafunzi alikuwa akijitazama mwenyewe: hewa yangu, kina changu, kasa wangu. Sasa anaambiwa amtazame mwenzake. Anaelekezwa kutambua macho yaliyotoka, mapovu yanayofululiza bila mpangilio, mtu anayerekebisha mkanda uleule mara ya tano wakati bado yuko botini. Ajali nyingi hujitangaza kabla ya kuingia majini, kwa anayejua kutazama.

Kutoka hapo kazi huanza. Vijana wa pwani wengi wameingilia mlango wa nyuma, wakibeba mitungi na kusuuza majaketi, kabla ya kuwa viongozi wa wazamiaji. Hawa huja na elimu ambayo kitabu hakina. Kule Mafia, kwenye Kinasi, mlango wa ghuba ya Chole, saa ya kuzama huamuliwa na maji kujaa na kupwa, na mtoto wa mvuvi hahitaji kuelezwa bamvua ni nini. Utaratibu wa PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji lililoanzishwa Marekani mwaka 1966, unadai mizamo 60 kwa kiongozi na 100 kwa anayetahiniwa ualimu. Mia si haba, ila mia kwenye ghuba moja tulivu, msimu mmoja, mimi siiamini sana. Kiongozi mzuri ameshawahi kuahirisha safari na kurudisha fedha za watu.

Mwalimu naye hana tena nafasi ya kuona samaki. Mwanafunzi akifurahia kasa akainua dole gumba, mwalimu anapaswa kujua kama ni furaha au ni ishara halisi, kwa sababu chini ya maji dole gumba maana yake ni “tupande”. Kwenye mtihani wa ualimu watahiniwa wenzake hujifanya wanafunzi, na kila mmoja ameshanong'onezwa kosa la kutenda: huyu aruke hatua moja ya zoezi, yule aache kutoa mapovu. Mtahiniwa ayadake yote. Akifaulu, atapangiwa wageni wanne wasiojuana, wawili wao hawakulala vizuri, mmoja ameficha kwamba ana mafua, na bahari imeanza kuchafuka kwa kusi.