Herufi Nene za Ngokolo

Fundi hapimi herufi, anapima neno. Nilimtazama mmoja hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, akiandika jina la mtaa huu juu ya mlango wa duka la nafaka kwa herufi kubwa, nene, zisizo na mikia, kila kona imeviringwa. Alipiga mistari miwili kwa uzi wenye chaki, kisha akasimama kimya akiukagua ukuta.

NGOKOLO si neno rahisi kulichora. O ziko tatu, na G nusura iwe ya nne. Zikilingana kimo na N, jicho litaziona zimenywea. Basi fundi huziacha zivuke uzi kidogo, juu na chini. Kazi hasa iko kwenye L. Ubavuni mwake pana uwazi mkubwa, na O inayoifuata ikikaa mbali, neno linakatika vipande viwili. Yeye aliufupisha mguu wa L, akaisogeza O mpaka ikakaribia kuupanda. K nayo, kwa unene ule, ingejaa rangi pale mikono yake inapokutana. Akaipunguza hapo hapo, bila rula. Anayepita na gunia la mpunga hajui kilichofanyika. Anasoma tu.

Kona zile hazikuviringwa kwa urembo pekee. Brashi ikizungushwa bila kuinuliwa huacha kona laini yenyewe, na kwenye plasta yetu yenye chembe za mchanga, ncha kali ndiyo humeguka kwanza. Wajerumani nao walilipenda umbo la namna hii: mwaka 1979 kampuni ya magari ya Volkswagen ilitengenezewa herufi ziitwazo VAG Rounded. Baadaye Arial Rounded ikaja pamoja na programu za Microsoft Office, ikaenea hadi vibanda vya uchapaji. Ni herufi nzuri, sizilaumu.

Lawama yangu ni kwa mkono unaozivuta. Jina la duka likionekana fupi kwa bango, kijana wa kompyuta analivuta ubavuni mpaka lijae. Mistari iliyosimama inavimba, iliyolala inabaki ilivyo, na kona iliyokuwa robo ya duara inakuwa ubavu wa yai. Ni haraka tu. Mashine hiyohiyo ingeweza kuisogeza O karibu na L, kama angekuwepo wa kuiagiza.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kuta. Kuanzia hapa hadi Kahama na Geita, kampuni za simu na vinywaji humpakia mwenye duka rangi bure, toka msingi hadi paa, na maandishi ya fundi yanafunikwa kwa siku moja, bila hata kupigwa picha. Vijana waliokuwa wakimshikia fundi kopo la rangi huku wakijifunza kwa macho sasa wanaajiriwa kupaka ukuta mzima rangi moja. Herufi zinaletwa tayari, zimekatwa kwenye stensili.