Pombe ya maildi ya Waingereza: upole si uzaifu

Watu wengi wanazani kama maildi, pombe nyeusi ya Uingereza, ni pombe ya wanyonge, kwa sababu jina lake maana yake «pole». Zamani neno lile lilionyesha pombe changa, ile haijakaa miezi mingi ndani ya pipa na kuanza ukali. Kwetu Kivu pia mutobe si kasiksi, hata kama ndizi ni zilezile: siku za kukaa njo zinatoa jina.

Katika karne ya 19, maildi nyingi zilifika asilimia 6 ya kileo ao zaidi. Vita ya 1914-1918 njo iliishusha: serikali ilipunguza shayiri ya kupikia pombe, ikapandisha kodi, maildi ikabaki na asilimia 3 hivi.

Tangu 1963 Mwingereza anapika pombe nyumbani bila leseni, ila asiuzishe. Wale wanaorudisha maildi kali tunawasifu. Lakini wengi wanatia kimea cha kukaangwa sana ili iwe nyeusi, ladha inageuka kahawa. Tena wanazidisha maua ya hopi, uchungu unafunika utamu. Ile haiko tena maildi. Nguvu itoke kwa wingi wa kimea, uchungu ubaki kidogo, na pombe inywewe mapema.

Mfano uko Sedgley: mwaka 1987 mjukuu wa Sarah Hughes alifungua tena kiwanda chake. Dark Ruby Mild yao iko na asilimia 6, na inabaki pole. Mwenye kupika nyumbani ajipimie pale.