Joto Ghali, Muda Rahisi: Kufua kwa Mashine Naro Moru

Asubuhi ya Naro Moru ni ya kuwahi. Alfajiri Batian, kilele cha Mlima Kenya, huwa wazi kabisa. Ikikaribia saa sita mchana, mara nyingi mawingu yamekwisha kukifunika na jua limepoteza makali. Anayejua kufua hapa hupanga kazi yake kuanzia kambani kurudi nyuma: nguo ziwe zimeanikwa saa tatu, kwa hiyo mashine iwe imemaliza kukamua saa mbili na nusu, kwa hiyo iwashwe jua likichomoza au kabla yake. Mtu anayeamka na hesabu hiyo kichwani ana ufundi, hata kama jirani zake wanadhani kazi yake ni kubonyeza kitufe.

Watu wa aina hiyo hapa mjini si wachache. Kuna wanaofua shuka za nyumba za wageni. Kuna wanaofua makoti na mifuko ya kulalia inayokodishwa na wapanda mlima. Kuna mafundi wanaopita na mkoba wa spana kati ya Kiganjo na Nanyuki. Mashine wanazozishughulikia ni zile zile zinazouzwa Nairobi na Mombasa, ila mahali pamebadilika. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, upande wa magharibi wa Mlima Kenya, ambako mvua ni haba na nyanda za Kieni hutimua vumbi wakati wa kiangazi. Maji hushuka baridi kutoka mlimani, presha ya bomba haitabiriki, na stima hupotea ikarudi kwa kishindo. Kazi yao ni kuichukua mashine iliyobuniwa kwa ajili ya nyumba za mbali na kuipatanisha na mlima.

Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Herbert Sinner, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Henkel, alieleza kwamba usafi wa nguo hutokana na vitu vinne: sabuni, joto, msuguano na muda. Ukipunguza kimoja, sharti uongeze kingine. Wanawake waliofua mtoni Naro Moru walilijua jambo hilo mikononi mwao. Maji yalikuwa baridi na sabuni ilikuwa ya kuhesabu, kwa hiyo walilipa kwa msuguano wa jiwe na kwa muda wa kuloweka. Mashine haikuifuta hesabu hiyo. Imempa tu mfuaji njia rahisi ya kuamua alipe kwa kipi.

Hapa Naro Moru, kilicho ghali ni joto. Tuseme mashine inapasha lita 15 za maji yaliyoingia yakiwa na nyuzi 15. Kuyafikisha nyuzi 30 kunakula takriban robo uniti ya stima. Kuyafikisha nyuzi 60 kunakula karibu uniti 0.8, yaani mara tatu. Anayenunua tokeni huiona tofauti hiyo mwisho wa mwezi. Mfuaji mzoefu basi huhamisha mzigo kutoka kwenye joto kwenda kwenye muda. Nguo zenye jasho na matope ya njia ya mlimani huzilaza ndani ya maji ya sabuni jioni, kisha asubuhi huziosha kwa nyuzi 30 au 40. Vimeng'enya vilivyomo katika sabuni nyingi za kisasa, ambavyo kazi yake ni kukatakata madoa ya jasho, damu na chakula, hufanya kazi vizuri katika joto hilo la wastani, mradi vipewe nafasi. Nyuzi 60 huwekwa akiba kwa shuka za wageni, taulo na nguo za mgonjwa. Programu ya nyuzi 90 huachwa kabisa. Katika mwinuko huu maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi, kwa hiyo nyuzi 90 ni kuchemsha kwa jina lingine, na mashine iliyowekewa nyuzi 95 inaomba joto ambalo maji ya hapa hayawezi kulifikia.

Kwenye sabuni, ufundi ni kujizuia. Maji ya mito ya mlimani ni laini, hayana chokaa nyingi, na sabuni hutoa povu ndani yake bila kubembelezwa. Kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kikijazwa bila kufikiri, povu hulijaza pipa, nguo huelea badala ya kugongana, na msuguano unaotakiwa unapotea. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono huzidisha tatizo, kwa sababu imetengenezwa itoe povu jingi ili anayefua kwa beseni aridhike. Sabuni ya mashine hutoa povu kidogo kwa makusudi. Fundi akiitwa kwa sababu mashine inakataa kukamua, jambo la kwanza analolifanya ni kunusa droo ya sabuni na kupitisha kidole chini ya mpira wa mlango. Akikuta utando mzito unaoteleza, humgeukia mwenye nyumba: "Mama, mashine yako haiumwi. Imeshiba sabuni."

Anachokifanya baada ya hapo kinapendeza kutazama. Ndani ya mashine kuna mpira mwembamba unaotoka chini ya pipa la nje hadi kwenye swichi ndogo juu. Maji yakipanda, hewa iliyonaswa kwenye mpira huo hubanwa, na kwa mbano huo mashine hujua imejaa kiasi gani. Utando wa sabuni ukiuziba, mashine inakuwa kipofu: hujaza maji kupita kiasi, au hudhani bado ina maji wakati imekauka. Katika mashine za zamani, fundi huuchomoa mpira, akaupuliza taratibu kwa mdomo na kusikiliza. Swichi ikisema "tik" anapopuliza, na "tik" tena anapoachia, ni nzima. Isiposema, ameshajua pa kushika. Kipimo hicho hakimgharimu hata shilingi.

Msuguano nao una sheria zake. Pipa likijazwa pomoni, nguo hazina mahali pa kuangukia, na kazi nzima ya mashine yenye mlango wa mbele ni kuziinua nguo na kuziangusha. Mfuaji mwenye uzoefu hupitisha mkono juu ya nguo. Kiganja kisipopita kwa raha, baadhi hutolewa. Vifaa vya mlimani hudai uangalifu zaidi. Zipu hufungwa na mifuko ya koti hupekuliwa, kwani sarafu na pini za nywele ndizo huua pampu. Koti lisilopitisha maji halikamuliwi kwa kasi: kitambaa chake hunasa maji kama dimbwi, na pipa likishika kasi dimbwi hilo huliyumbisha upande mmoja. Kilainishi cha nguo hakitiwi, maana huharibu uwezo wa kitambaa kuzuia maji. Sweta na kofia za sufu huoshwa kwa programu ya pole na maji ya vuguvugu, kisha hulazwa juu ya taulo zikauke, kwa kuwa zikitundikwa zikiwa na maji hurefuka. Na nguo yoyote iliyomwagikiwa mafuta ya taa, petroli au thina haiingii mashineni hata kidogo. Mvuke wake ndani ya pipa lililofungwa, karibu na mota na kipasha joto, unatosha kuwasha moto.

Mashine ya kwanza ya nyumbani iliyofua, kusuuza na kukamua yenyewe, Bendix ya Marekani ya mwaka 1937, ilibidi ifungwe sakafuni kwa boliti kwa sababu haikuwa na kitu cha kuumeza mtikisiko wake. Mashine za leo zina springi na shoki, lakini nguvu za kukamua hazijapungua. Pipa lenye upana wa nusu mita linapozunguka mara 1,200 kwa dakika, kila kilichogandamana na ukuta wake hulemea karibu mara 400 ya uzito wake. Nusu kilo ya taulo lililojikunja upande mmoja inavuta kama mzigo wa kilo 200, na huvuta ikizunguka. Ndiyo maana fundi makini hatangulizi bisibisi. Hutanguliza pimamaji. Hulilaza juu ya mashine kwa mapana, kisha kwa marefu, akizungusha miguu ya chini hadi kiputo kitulie katikati, kisha huzikaza nati ili miguu isijirudie. Hukagua pia kama zile boliti ndefu nyuma ya mashine, zilizoshikilia pipa wakati wa safari ya lori, zimeondolewa. Mashine mpya inayorukaruka siku ya kwanza mara nyingi bado imefungwa hivyo. Katika nyumba za mbao, ambazo ni nyingi pande hizi, hutafuta pembe yenye saruji, au pale boriti za chini zinapokutana na nguzo.

Maji yana mambo yake. Mashine nyingi huomba presha isiyopungua nusu baa, ambayo ni sawa na tangi lililo mita 5 juu ya bomba. Tangi la mita 2 juu ya stendi ya mbao halitoshi, na mashine itakaa ikingoja maji hadi ijizime na kulalamika kwa herufi kwenye kioo chake. Wenye hali hiyo huinua tangi, huweka pampu ndogo, au huchagua mashine ya mapipa mawili inayojazwa kwa mtungi, ambayo haina haja ya presha hata kidogo. Mashine ya mlango wa mbele hutumia takriban lita 40 hadi 60 kwa mzunguko mmoja, yaani mitungi miwili hadi mitatu ya lita 20. Kwa mji ambao miradi ya maji hufungua bomba kwa zamu, hilo ni jambo la kupima kabla ya kununua. Mvua ikinyesha juu, mto hubadilika rangi na udongo hufika hadi kwenye bomba. Hapo maji huachwa yatulie tangini, na chujio dogo la wavu lililo kwenye mdomo wa bomba la kuingizia hutolewa kwa koleo na kusuguliwa kwa mswaki. Mpira wa kutolea maji nao huinuliwa kati ya sentimita 60 na mita moja kutoka sakafuni. Ukilazwa chini, maji hujivuta yenyewe nje, na mashine hujaza bila kukoma.

Stima haitaniwi. Kipasha joto cha wati 2,000 hunywa zaidi ya ampea 8, kwa hiyo mashine huchomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani kwa plagi yenye fyuzi ya ampea 13, kamwe si kwenye waya mwembamba wa kuunganishia unaoishia kuyeyuka chini ya zulia. Fundi wa kuaminika hupima waya wa ardhini kwa mita kabla ya kugusa kitu kingine, maana mashine ni bati, maji na stima mahali pamoja. Swichi ya usalama inayokata stima inapovuja ni ya lazima. Ngurumo zikianza, plagi huchomolewa. Mikono haiingii kwenye pipa linalozunguka, na mtoto haachwi akaribie mashine ambayo mlango wake umeachwa wazi.

Lakini heshima kubwa kwa fundi huja anapoacha vyombo vyote na kusikiliza. Hulizungusha pipa tupu kwa mkono. Mkwaruzo mkavu unaokuja na kuondoka huashiria waya wa sidiria uliopenya kwenye tundu. Mlio wa kuteleza wakati wa kuanza ni mkanda uliolegea. Beringi iliyokwisha huvuma wakati wa kukamua, sauti ikipanda hatua kwa hatua. Ili kuhakikisha, hushika ukingo wa pipa la ndani na kuliinua: likicheza dhidi ya pipa la nje, mpira wa kuzuia maji umevujisha na beringi imeliwa na kutu. Hutazama pia nyuma, kwenye kile kishikizo cha aluminiamu chenye mikono mitatu kinacholibeba pipa, maana sabuni kali na dawa ya kung'arisha kama Jik ya kila wiki hukila taratibu hadi kikavunjika. Mota ikikosa nguvu, huchungulia urefu wa brashi za kaboni kabla ya kutamka kwamba mota imekufa. Fundi asiyejua huanza na neno "mota", kwa sababu ndilo lenye bei.

Yaliyobaki ni ya mwenye nyumba, na ni madogo kiasi cha kudharauliwa. Baada ya kila mzunguko, mikunjo ya mpira wa mlango ipanguswe, na mlango na droo viachwe wazi ili koga isipate makao katika baridi ya hapa. Kila mwezi, chujio la pampu lifunguliwe na mashine ipewe mzunguko mmoja wa moto ikiwa tupu. Ukitaka kutumia siki, siki peke yake; ukitaka Jik, Jik peke yake. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, sumu ya mapafu.

Kabla ya kumlipa fundi, mwombe akuonyeshe chujio lilipo, maji ya dharura yanavyomwagwa, na namna ya kuzima stima na bomba kwa mpangilio huo. Aliye bora huonyesha bila kuombwa, akijua fika kwamba kila anachokufundisha kinampunguzia safari moja ya kuja kulipwa. Na ndiye huyo huyo ambaye majirani humpa kazi zao.